Jiko Nashi: Kuandika Kijapani kwenye Kompyuta Yako ya Kiingereza

Hajji aliingia dukani kwangu Nakawa simu mkononi, uso umekunjamana. Ajenti mmoja wa Nagoya alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti kuhusu Toyota Noah, na katikati ya Kiingereza chake akawa anarudia maneno mawili: jiko nashi, jiko nashi. "Binti yangu," Hajji akaniuliza, "mimi nimeagiza gari. Jiko ni la nini?"

Hajji ameendesha malori ya Mombasa na Kampala miaka mingi, na Kiswahili chake hakipungukiwi neno. Ila kwa Kijapani jiko ni ajali, na jiko nashi ni kwamba gari halijapata ajali. Tukacheka. Kisha akatoa kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, karatasi ya mnada inayoeleza hali ya gari, imejaa herufi za Kijapani kutoka juu hadi chini, akataka kujua kama karatasi nayo inasema hivyo hivyo. Nikavuta kibodi.

Kazi yangu ni kutaipu, fotokopi na kujazia watu fomu, mwendo mfupi tu kutoka kwenye mabondi, yadi za magari yaliyoagizwa kutoka nje. Nilizaliwa Busia, upande wa Uganda, na Kijapani sikukisoma darasani. Nilichonacho nimekiokota kwa wateja wanaokuja na karatasi kama ile ya Hajji. Kwa hiyo ninaandika kwa ajili ya mtu ambaye kompyuta yake inazungumza Kiingereza, hajawahi kuandika hata herufi moja ya Kijapani, na anataka aweze kuiandika, kuitafuta maana yake au kuituma.

Wengi wanadhani lazima wanunue kibodi maalumu. Huhitaji. Wajapani wengi wenyewe wanaandika kwa herufi hizi hizi za a, b, ch. Unataipu neno kwa sauti yake, programu inaligeuza kuwa herufi za Kijapani, nawe unachagua lililo sahihi. Programu hiyo inaitwa IME, na kwenye Windows hailipiwi. Nikikumbuka kwamba mwaka 1978 Toshiba walipotoa mashine yao ya kwanza ya kuandika Kijapani kwa njia hii, JW-10, ilikuwa na ukubwa wa meza na bei yake yen milioni 6.3, huwa nashukuru kuzaliwa nilipozaliwa.

Tena sisi tunaozungumza Kiswahili tumependelewa. Irabu za Kijapani ni tano, a, i, u, e, o, na zinatamkwa karibu sawa na zetu. Silabi zao nyingi ni konsonanti na irabu, kama zetu. Mwingereza akisikia kuruma, yaani gari, hubaki akijiuliza aandike u au oo. Wewe andika ulichosikia.

Kuiweka kwenye Windows

Hapa ninaeleza Windows 10 na Windows 11, maana ndizo ninazozikuta kwa wateja wengi. Kabla ya kuanza hakikisha una intaneti na MB za kutosha, kwa sababu kompyuta itapakua mafaili. Mimi mara ya kwanza niliwasha "hotspot" ya simu, nikasubiri robo saa, hakuna kilichosogea. Kumbe kwenye mipangilio ya Wi-Fi nilikuwa nimewasha "Metered connection" ili kubana MB, na kompyuta ikawa inanitii kwa kukataa kupakua. Nilipoizima, kazi ikaanza.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na I. Dirisha la "Settings" litafunguka. Ingia "Time & language". Kwenye Windows 11 fuata "Language & region", kwenye Windows 10 fuata "Language". Tafuta palipoandikwa "Add a language", bofya, andika Japanese kwenye kisanduku cha kutafutia, uchague, kisha "Next".

Sasa simama kidogo, usibofye "Install" kwa pupa. Ukurasa huu una visanduku vya tiki, na kimoja kinasema "Set as my Windows display language". Toa tiki hapo. Ukiiacha, kompyuta nzima itageuka Kijapani: menyu, maonyo, hata kitufe cha kuzimia. Mimi niliiacha. Siku ile nilikuwa na mwanafunzi anayesubiri ripoti yake ichapishwe, na mbele yetu kukawa na skrini ambayo hakuna kati yetu aliyejua hata pa kubofya. Aliniuliza kwa upole kama ninataka akatafute duka jingine.

Kama yamekukuta, njia ya kurudi ni hii. Kitufe cha Windows na I bado kinafungua "Settings" hata kama huwezi kuisoma. Tafuta mchoro wenye saa, ndio ukurasa wa saa na lugha. Ndani yake ingia kwenye kipengele cha lugha, na juu utakuta kisanduku cha kuchagua lugha ya skrini. Kifungue, jina English limeandikwa kwa herufi zetu, lichague, kisha toka kwenye akaunti na uingie tena.

Tiki nyingine zilizobaki, za kusoma kwa sauti na kutambua usemi, unaweza kuzitoa pia zile zinazokubali kutolewa. Zinakula MB na kwa kuandika tu hazina kazi. Ile ya kuandikia haitolewi, nayo ndiyo tunayoitaka. Haya, "Install", halafu nenda kanywe chai.

Kuna wenye Windows iliyoandikwa "Home Single Language" ambao wameambiwa kwamba yao haikubali lugha ya pili. Inakataa kubadili lugha ya skrini tu. Kibodi ya Kijapani inaingia bila shida.

Kuibadilisha huku na huku

Tazama chini kulia, karibu na saa. Utaona ENG. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na kile kirefu cha nafasi, Space, na orodha fupi itatokea. Chagua Japanese, Microsoft IME. Pale chini pataonyesha lugha imebadilika, na pembeni yake patakuwa na herufi A.

Hii A ndiyo inayowakwamisha wanaoanza. Wanachagua Kijapani, wanataipu, yanatoka maneno yale yale ya Kiingereza, wanasema programu mbovu. A maana yake ni kwamba umo ndani ya Kijapani lakini bado unaandika herufi za kawaida. Ibofye mara moja igeuke あ. Kwa kibodi, shikilia Alt na ubonyeze kile kitufe kilicho chini ya Esc, kushoto kwa namba 1, chenye kialama hiki: `. Sasa uko kwenye hiragana, herufi za Kijapani za silabi.

Ukimaliza kuandika Kijapani rudi ENG kabisa. Sababu yake nitaisema mbele, maana iliniaibisha.

Mazoezi kwa maneno ya nyumbani

Fungua Notepad au Word. Taipu mimi. Utaona みみ, ina mstari chini yake. Mstari huo ni kompyuta inasema neno halijakubaliwa bado, unaweza kuligeuza. Bonyeza Space mara moja: 耳, yaani sikio. Bonyeza Enter, mstari unatoweka, neno limekaa. Mzunguko ni huo tu: taipu, Space, Enter. Ukikosea katikati, Esc inakurudisha nyuma.

Endelea na maneno unayoyajua. Nani itakupa 何, ambayo kwao si kuuliza mtu, ni kuuliza kitu, nini. Sita itakupa した, na ukibonyeza Space utapata 下, chini. Kuku inaweza kuwa 九九, jedwali la kuzidisha ambalo watoto wa Japani hulikariri shuleni. Na jiko, bila shaka, ni 事故.

Sasa taipu hana. Space ya kwanza inaweza kukupa 花, ua. Bonyeza tena na orodha itafunguka yenye namba, na ndani yake utakuta 鼻, pua. Sauti ni moja, maneno mawili. Sisi tunalo kaa la moto, kaa wa pwani na kaa kitako, na tunalitambua kwa mazungumzo. Wao kwenye maandishi wanalitenganisha kwa kanji, zile herufi za michoro zenye maana, na kompyuta haiwezi kujua ulimaanisha nini, kwa hiyo inakuuliza. Chagua kwa namba au kwa vishale, halafu Enter. Ukichagua mara kwa mara neno lile lile, itaanza kulitanguliza yenyewe.

Usitaipu neno moja moja siku zote. Sentensi nzima au nusu yake inageuka vizuri zaidi, kwa sababu programu inaangalia jirani za neno. Ikigawanya vibaya, vishale vya kushoto na kulia vinakupeleka kipande hadi kipande, na Shift pamoja na kishale inarefusha au kufupisha kipande chenyewe. Na kama umeshabonyeza Enter kisha ukaona kosa, lichague neno kwa kulipitishia mausi na ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na /, litafunguka upya.

Majina ya kigeni na ya magari mengi yanaandikwa kwa katakana, zile herufi zenye kona kali. Taipu uganda, na kabla ya Enter bonyeza F7: ウガンダ. Kanpara, F7: カンパラ. Niliandika n badala ya m hapo kwa makusudi, maana Kijapani hakina m inayosimama peke yake mbele ya p au b. Hata jambo letu kwao ni ジャンボ, janbo. Kwenye kompyuta ndogo nyingi utalazimika kushikilia Fn ndipo F7 ifanye kazi, la sivyo utajikuta unabadili mwanga au sauti.

Ya kurefusha sauti ni ile alama ya kutoa, iliyo kando ya sifuri. Corolla ni karo-ra, カローラ. Hiace, zile gari zetu za abiria tunazoziita drone, ni haie-su, ハイエース. Toyota taipu toyota na F7, トヨタ. Ukibonyeza Space unaweza kupata 豊田, ambao ni mji na jina la ukoo. Kampuni hujiandika kwa katakana.

Hapa lazima niseme jambo na Waganda wenzangu, hasa wanaoandika Kiswahili kwa masikio ya Luganda. Kwenye Luganda l na r zinabadilishana kufuatana na irabu iliyotangulia, na mtu huandika moja mahali pa nyingine bila kujali. Kwenye IME huwezi. Kijapani kina r tu, na l imepewa kazi nyingine kabisa, ya kutengeneza herufi ndogo. Taipu kalola utapata かぉぁ, makombo matupu. Mteja wangu mmoja alidhani fonti imeharibika. Andika r kila mahali.

Sauti ndefu zisizo za katakana zina adabu yake. Tokyo haiandikwi tokyo, inaandikwa toukyou, 東京. Bandari ya Kobe ni koube, 神戸. Osaka ni oosaka, 大阪. Nagoya na Yokohama zinaandikwa kama zinavyosikika. Konsonanti inayokazwa unaitaipu mara mbili, kama nissan, 日産, na kile kijiherufi kidogo っ kinajitengeneza.

N ndiyo yenye ujanja. Ikifuatwa na konsonanti inatulia yenyewe, lakini ikifuatwa na irabu inaiparamia. Kinen, ukiimaliza kwa n mbili, ni 記念, kumbukumbu. Kin'en ni 禁煙, hakuna kuvuta sigara. Tofauti ni ile n kukatwa isishikane na e. Andika n mara mbili au weka kile kialama cha juu, kama unavyokiweka kwenye ng'ombe, vyote vinakubalika. Usidhani ni mambo ya darasani. Kwenye karatasi za magari utakuta 禁煙車, gari ambalo halikuvutiwa sigara, na wanunuzi wanalipenda.

Kuna mambo mawili ambayo sauti haitakusaidia. Kiunganishi wanachotamka wa huandikwa ha, は, na kile wanachotamka o baada ya mtendwa huandikwa wo, を. Ni kama kujifunza kwamba mtu anatamka hivi na kuandika vile. Utazoea.

Herufi usiyojua kuisoma

Yote niliyosema yanataka ujue sauti ya neno. Karatasi ya Hajji haikuwa na sauti. Ilikuwa na michoro.

Kwa hilo kuna kifaa ambacho watu wengi wameishi nacho miaka bila kukiona. Ukiwa kwenye Kijapani, bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya ile A au あ, na kwenye menyu chagua "IME Pad". Litafunguka dirisha lenye kiwanja cheupe. Chora herufi kwa mausi, pole pole, kama mtoto wa nasari. Pembeni zitatokea herufi zinazofanana, na ukiweka mausi juu ya mojawapo bila kubofya utaona inavyosomwa. Ukiibofya inaingia kwenye maandishi yako.

Hajji alikuwa akinisomea: "Hapa kuna mstari wa kusimama, kando kuna nyumba imebeba miguu." Tulichora 修, kisha 復, kisha 歴. Dakika kumi kwa herufi tatu, kwa sababu mausi yangu inarukaruka. 修復歴, shuufukureki, historia ya matengenezo, na maana yake kwenye minada si matengenezo ya kawaida. Ni kwamba fremu ya gari iliwahi kuguswa na kurekebishwa. Ukishaipata mara moja huichori tena. Unataipu shuufukureki, Space, basi.

Maneno ninayoyataipu kila wiki ni machache. 走行距離, soukoukyori, umbali gari lilikotembea. 排気量, haikiryou, ukubwa wa injini. 車検, shaken, ukaguzi wa lazima wa gari. 初度登録, shodotouroku, kusajiliwa mara ya kwanza. Hili la mwisho liangalie kwa macho mawili. Sheria ya Uganda inazuia kuingiza gari lililotimiza miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa, na karatasi inakupa mwaka lilipoandikishwa Japani, ambao unaweza kuwa baada ya mwaka wa kutengenezwa. Tena mwaka wenyewe mara nyingi umeandikwa kwa enzi za wafalme wao. Taipu heisei upate 平成, na kwenye namba yake ongeza 1988: Heisei 24 ni 2012. Reiwa, 令和, iliyoanza Mei 2019, ongeza 2018.

Zile herufi za Kiingereza zilizochorwa kwenye picha ya gari hazihitaji kibodi. A ni mchubuko, U ni bonde, W ni alama ya kazi ya rangi au kunyoosha bodi, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba iliyo kando inaonyesha ukubwa wa tatizo.

Zilizonitoa jasho

Nilisema urudi ENG ukimaliza. Siku moja nilimjazia mteja fomu ya mtandaoni yenye namba ya chesisi, mfumo ukakataa mara nne. Namba ni sahihi, herufi ni sahihi, tumesoma kwa sauti wote wawili. Kumbe nilikuwa nimebaki kwenye あ, na tarakimu zote zilitoka zile nene za Kijapani, １２３ badala ya 123. Kwa jicho ni ndugu, kwa kompyuta ni watu wa kabila tofauti. Kama umeshazitaipu na mstari wa chini bado upo, F10 inazirudisha nyembamba. Kama umeshapiga Enter, futa uanze upya ukiwa ENG.

Jambo jingine ni kupeleka kazi kwenye mashine nyingine. Nilitengeneza kadi za biashara za broka mmoja, upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kijapani, nikazipeleka kwa flashi hadi Nasser Road kuchapishwa. Kule Kijapani kilifunguka kama safu ya visanduku vitupu, kwa kuwa mashine ile ilikuwa ya zamani na haina fonti zake. Tangu hapo ninahifadhi PDF, fonti zikiwa ndani yake, ndipo natoka dukani. Na kwenye Word chagua fonti ya Kijapani kama Yu Gothic au MS Gothic, ambazo Windows inazo tayari.

Ukikuta visanduku ni fonti. Ukikuta vurugu ya alama na herufi zisizo na maana ni tatizo lingine, faili limesomwa kwa utaratibu wa herufi usio wake. Wajapani wana jina lake, mojibake. Mafaili ya zamani kutoka kwao mengi ni Shift_JIS, wakati siku hizi karibu kila kitu ni UTF-8. Lifungue faili kwenye programu inayokuruhusu kuchagua, na ujaribu hizo mbili.

Halafu kuna kompyuta ndogo zilizotumika zinazoletwa kutoka Japani kwenyewe. Niliuziwa moja mjini, bei nzuri, muuzaji akisema vibandiko vya Kijapani ni urembo. Nilipotaka @ nikapata alama nyingine, nikakaa juma zima nikinakili @ kutoka kwenye barua pepe za zamani. Kibodi ya Japani ina mpangilio wake. Ingia tena kwenye lugha, bofya Japanese, kisha "Language options", au "Options" tu kwenye Windows 10, tafuta "Change layout", na uchague ile ya Japanese yenye 106/109 kama vitufe vyako vina Kijapani, au ya English yenye 101/102 kama ni vya kawaida. Zima na uwashe. Faida ya kibodi hiyo ni kitufe cha 半角/全角 chini ya Esc, kinabadili A na あ kwa kidole kimoja.

Wenye Ubuntu, andikeni kwenye terminali sudo apt install ibus-mozc, mtoke kwenye akaunti na kuingia tena, kisha muongeze Japanese Mozc kwenye mipangilio ya kibodi. Mozc ni nduguye wa programu ya Kijapani ya Google, na kwa maoni yangu inakisia maneno vizuri kuliko ya Microsoft. Kwenye Mac ni mipangilio ya kibodi, "Input Sources", Japanese, Romaji. Kwenye simu ya Android yenye Gboard, ongeza Japanese kwenye lugha zake na uchague QWERTY, na kuna hata ya kuandika kwa kidole, ambayo kwa kuchora kanji inaishinda mausi yangu kwa mbali.

Hajji hakuwa na haja ya hayo yote. Kando ya 修復歴 palikuwa na herufi mbili, moja imezungushiwa duara la kalamu. Nilimpa mausi achore mwenyewe. Mkono ulimtetemeka, herufi ikatoka imepinda kama barabara ya Mabira wakati wa mvua, lakini IME Pad iliitambua: 有, ari. Ipo.

"Ipo nini?" akauliza.

"Historia ya matengenezo, Hajji. Fremu."

Akasikiliza tena ule ujumbe wa sauti mpaka mwisho, jiko nashi, jiko nashi, akakunja karatasi, akairudisha kwenye kaveera. Kisha akaniomba nimtaipie swali moja fupi kwa Kijapani la kumtumia ajenti wake. Niliandika 修復歴は？ na nikamwonyesha pa kubonyeza Enter.